Nina stashahada ya uhasibu na miaka minane hotelini: nisome nini sasa?

Swali: Asalaam aleykum, na shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba, nina miaka 33 na watoto wawili. Nilisoma stashahada ya uhasibu katika chuo cha Chwaka, na huu ni mwaka wa nane ni mhasibu msaidizi katika hoteli ya kitalii huku mashariki ya Unguja. Kila nafasi ikitokea juu yangu analetwa mtu kutoka nje mwenye sifa ya kitaaluma ya uhasibu, CPA au ACCA. Mume wangu anasema nikasome shahada. Shoga yangu aliyeko kwenye mradi wa wafadhili anasema PMP, ile ya kusimamia miradi, ndiyo inayolipa siku hizi. Na kuna mtu mtandaoni anauza stashahada ya juu ya uongozi wa fedha, wiki sita, shilingi laki nane. Akiba yangu yote ni milioni tatu. Kazi ya kuandika vocha imenichosha, ila kufuatilia stoo na kujua mali inapotelea wapi sijawahi kuchoka. Nichague nini?

Jibu: Waalaykum salaam, mdogo wangu, na marahaba. Nimekaa na barua yako siku mbili. Wengi wanaoniandikia huuliza kama ulivyouliza wewe, cheti kipi kinalipa, na mimi huwarudishia: kinalipa kwa nani? Wewe umenirahisishia kazi, maana jibu umelitia mwenyewe mwishoni, katika ile sentensi ya stoo. Umeipita haraka, kama mtu anayetaja jambo dogo. Mimi nimesimama hapo hapo.

Hebu tuitazame hiyo kazi isiyokuchosha. Asubuhi mvuvi ameleta changu. Mizani ya mlango wa jikoni imesema kilo 40, karani wa stoo ameandika 40, mpishi mkuu ametia saini. Samaki akishaparwa, akatolewa matumbo, kichwa na miba, tuseme nusu ya uzito ndiyo inayobaki minofu: kilo 20. Sahani moja ni gramu 200, kwa hiyo hapo pana sahani 100. Usiku unafungua mashine ya mauzo, mkahawa umeuza sahani 71. Unakwenda kwenye friji, unakuta kilo mbili, yaani sahani kumi. Sahani 19 ziko wapi? Chukua kilo 18 zilizotoka uzigawe kwa sahani 71, unapata gramu 253: huenda mpishi anakata vipande vikubwa, kila mgeni anakwenda na gramu 53 ambazo hakuzilipia. Au chakula cha wafanyakazi kimetoka humo na hapana aliyeandika. Au mizani imelegea, na samaki hakuwa kilo 40 tangu mwanzo. Mtu wa vocha anapokea ankara ya mvuvi, anailipa, anafunga faili. Anayeinuka kwenda kuitazama mizani ni mkaguzi, hata kama kitambulisho chake kinasema mhasibu msaidizi.

Kwa hiyo mimi sikuoni kama mtu aliyekwama katika uhasibu. Nakuona kama mtu aliye kwenye chumba kisicho chake ndani ya nyumba ile ile. Hoteli kubwa zina nafasi ya msimamizi wa gharama, yule mnayemwita kosti kontrola, na nje ya hoteli kuna ukaguzi wa ndani: mabenki, mashirika ya Serikali, mifuko ya jamii, bandari, taasisi zote zinazoshika pesa za watu wengi. Barua yako inauliza cheti, lakini kilichopo chini yake ni kuhama kutoka kuandika kwenda kukagua. Ukilikubali hilo, mashauri uliyopewa yanaanza kujipanga yenyewe.

Kabla sijayapanga, nikueleze tofauti moja ambayo watu wetu wengi hawaelezwi. Karatasi hizi zote tunaziita vyeti, na ndiyo maana tunapotea. Shahada hutolewa na chuo kikuu, na ukishaipata ni yako mpaka unakufa. Sifa ya kitaaluma hutolewa na bodi au chama cha wenye fani: wanakufanyisha mitihani yao, wanadai uzoefu wa kazi, wanakutaka uendelee kujifunza kila mwaka, na ukivunja maadili wanaweza kulifuta jina lako. Cheti cha kozi fupi kinasema tu kwamba ulihudhuria. Kila kimoja kina anayekitaka. Muundo wa utumishi serikalini hutazama kwanza kiwango chako cha elimu, stashahada au shahada, ndipo ukupange daraja. Hoteli ya wawekezaji wa nje hutazama zaidi jina wanalolijua kwao. Kampuni za ukaguzi wa hesabu hutazama CPA.

Basi mume wako hajakosea na shoga yako hajakosea. Kila mmoja anatazama kwa anayemlipa yeye.

Nianze na PMP, kwa sababu ndiyo nyepesi kuiondoa. Ni sifa ya usimamizi wa miradi ya taasisi ya PMI ya Marekani, na ni nzuri kweli kwa mtu anayesimamia miradi. Lakini kabla ya kukaa kwenye mtihani wanataka saa 35 za mafunzo, na juu yake uzoefu wa kuongoza miradi: miezi 36 kwa mwenye shahada, miezi 60 kwa asiye nayo. Wewe huna shahada, kwa hiyo ni miaka mitano ya kuongoza miradi, na kufunga hesabu za mwezi si mradi. Ukiipata, kila baada ya miaka mitatu unatakiwa uonyeshe pointi 60 za kujiendeleza ili isife. Shoga yako yuko palipo na miradi, kwake ni nguo iliyoshonwa kwa mwili wake. Kwako ingekuwa ya kuazima.

Sasa huyu wa wiki sita. Hapa naomba uniskilize kama dada yako, maana nililipia ujinga huu kwa mshahara wangu.

Nilikuwa na miaka 29, karani wa hesabu, mtoto wa kwanza bado ananyonya. Alikuja mtu mjini na vipeperushi vya karatasi nzuri, akapanga ukumbi, akasema stashahada yake ya juu inatambuliwa katika nchi kadhaa. Nililipa pesa ya miezi minne ya kazi. Tulisoma Jumamosi na Jumapili, tukapewa vyeti vyenye muhuri wa dhahabu na picha za ukumbusho. Miezi michache baadaye niliitwa usaili wa nafasi niliyoitamani sana. Mwenyekiti wa jopo, bwana mmoja mtu mzima, alikichukua kile cheti, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele, akaniuliza kwa upole: mitihani yake alitunga nani? Sikuwa na jibu. Alikirudisha mezani, akaendelea na maswali mengine, lakini mimi nilikuwa nimeshajua. Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka Mnazi Mmoja mpaka Kikwajuni nikiwa sisikii hata salamu za watu.

Swali la bwana yule ndilo ninalolitumia mpaka leo, na nakupa wewe. Mitihani anatunga nani, na anayefundisha ni yule yule anayesahihisha? Nikifanya kosa la maadili, nani atanifuta? Jina langu litaandikwa katika daftari gani ambalo mwajiri anaweza kulifungua na kulitazama? Kwa shahada za nje, mwenye kuzitambua ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo hukumu yake inafika mpaka kwetu. Kwa vyeti na stashahada za nje ni NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Muulize muuzaji wako maswali haya kwa maandishi. Akikujibu kwa kukupunguzia bei, umeshapata jibu lako. Hizo laki nane ziache pale pale zilipo.

Tukija kwenye CPA na ACCA, hapo ndipo penye mazungumzo ya kweli.

CPA ya Tanzania iko chini ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mitihani ni mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Wewe mwenye stashahada hutoanzia pale anapoanzia mwenye shahada ya uhasibu; utaanza ngazi ya chini yake na kupanda, na Bodi yenyewe ndiyo itakayopima vyeti vyako na kukwambia uanze wapi na usamehewe masomo gani. Usikubali mtu wa darasa la jioni akupangie ngazi kabla Bodi haijasema. Na ujue kwamba kufaulu karatasi ya mwisho peke yake hakukufanyi CPA; wanataka pia uzoefu wa kazi. Miaka yako minane usiidharau, ila ianze kuandikwa vizuri: ulifanya nini, chini ya nani, kuanzia lini.

ACCA ni chama cha Uingereza, kilianza London mwaka 1904. Njia kamili ina mitihani 13, na mwenye elimu ya uhasibu anaweza kusamehewa mpaka 9 kutegemea alichosoma. Wanataka na miezi 36 ya uzoefu. Vikao vya mitihani ni vinne kwa mwaka, jambo zuri kwa mtu wa kazi, na asiye na shahada ana njia ya kuingilia kupitia ngazi ya msingi. Ubaya wake kwetu ni pesa. Ada zote ni kwa pauni, na ada ya mwaka unalipa hata mwaka ambao hukugusa mtihani. Ukifika karatasi nne za mwisho, ukifaulu ya kwanza tu saa inaanza kuhesabu: una miaka saba ya kuzimaliza, ukizidisha, ulizozifaulu zamani zinaanza kupotea. Nimewaona wenye akili kuliko mimi wakisimama karatasi ya kumi kwa sababu shilingi imeshuka na watoto wameingia skuli ya kulipia.

Ningekuwa na mdogo wangu wa tumbo moja ambaye ameolewa hapa, watoto wanasoma hapa, na anataka kukagua, ningemwambia CPA. Ningemwambia ACCA kama ana nia ya kwenda Dubai au Doha, au kama hoteli yake ni ya kampuni ya kimataifa inayohamisha watu wake kutoka nchi hadi nchi, na iwe tayari kumlipia. Wewe hukutaja safari. Umetaja Wete na watoto.

Kuna jambo jengine linaloipa CPA uzito kwako, na hili wageni wanaoletwa juu yako hulijua kwa kuchelewa. Hoteli ya Zanzibar inatazamana na nyumba mbili za kodi. Kodi ya mapato ni ya Muungano, kwa hiyo makato ya mishahara na kodi ya faida ya kampuni yanakwenda TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya Zanzibar ina sheria yake yenyewe ya mwaka 1998 na inakusanywa na ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ambayo mpaka mwaka 2022 ikiitwa ZRB, Bodi ya Mapato. Anayekuja kutoka Dar es Salaam au Nairobi na sifa zake zote hukaa miezi anachanganya fomu za nyumba mbili hizi. Wewe umezijaza miaka minane. Katika CPA utasoma kodi kwa upande wa Bara kwa undani, utakuwa na pande zote mbili kichwani, na mtu wa namna hiyo hapa kisiwani anatafutwa. Siku utakapoandika barua ya kuomba kazi, usiandike tu kwamba una uzoefu wa kodi. Andika kwamba umewasilisha ritani za TRA na ZRA kwa miaka mingapi, na kama hujawahi kutozwa faini, liandike na hilo.

Ukaguzi wenyewe nao una sifa yake, CIA, ya Taasisi ya Wakaguzi wa Ndani iliyoanzishwa New York mwaka 1941. Ina sehemu tatu tu za mtihani, na ukitazama harakaharaka unaweza kudhani ndiyo njia ya mkato. Lakini inadai uzoefu wa ukaguzi wa ndani au kazi inayofanana nayo, na asiye na shahada hudaiwa uzoefu mrefu zaidi. Mimi naiona kama kitu cha kufuata baada ya kuwa umeshaingia kwenye ukaguzi. Mwenye CPA na CIA pamoja, katika benki yoyote ya hapa, anasikilizwa anapozungumza.

Nirudi kidogo hotelini, kwa sababu si lazima utoke huko ili uinuke. Kisiwa kilipokea wageni zaidi ya laki saba mwaka 2024, na hoteli zinajengwa kila upande wa pwani. Hoteli zina lugha yao ya hesabu: mfumo wa pamoja uliotungwa na wenye hoteli wa New York mwaka 1926, unaogawa mapato na gharama kwa idara, vyumba peke yake, chakula na vinywaji peke yake, na kadhalika. Toleo lake la 12 limeanza kutumika Januari 2026. Kuna na sifa yake, CHAE, inayotolewa Marekani kwa wahasibu wa hoteli. Sijaona tangazo la kazi hapa kwetu linaloidai, kwa hiyo sikwambii uilipie. Lakini mfumo wenyewe ujue. Hoteli ya vyumba 40 imeuza vyumba 28 kwa dola 120 kila kimoja: mapato ni dola 3,360, gawa kwa vyumba vyote 40, kila chumba kilichopo kimeingiza dola 84, chenye mgeni na kisicho na mgeni. Meneja mkuu anaamka na tarakimu hii na analala nayo. Mhasibu msaidizi anayeweza kumweleza kwa nini jana ilikuwa 84 na leo ni 71 huacha kuitwa msaidizi.

Kuhusu shahada. Mume wako anaona mbali zaidi kuliko pengine mwenyewe anavyojua. Kama macho yako yako kwenye ukaguzi wa ndani serikalini au kwenye shirika la umma, siku moja watakuuliza shahada, na CPA bila shahada italazimika kujieleza. Mwenye stashahada kuingia shahada, TCU inataka GPA, yaani wastani wa alama za stashahada, isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Chwaka uliposoma wewe kilikuwa bado chuo kinachojitegemea, sasa kiko ndani ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa hiyo ukirudi huko unarudi nyumbani. Shahada ni miaka mitatu. Kuna Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, nenda kawaulize masharti ya mtu aliye kazini. Ninachokuombea usifanye ni kuanza shahada na CPA mwaka mmoja, na watoto wawili, na hoteli. Nimewaona waliojaribu. Wengi wao waliacha vyote viwili.

Wewe upange vipi? GPA yako hukunitajia, na hiyo ndiyo inayoamua mpangilio. Kama ni 3.0 au zaidi na moyo wako uko serikalini, anza shahada, kisha uingie CPA ukiwa juu zaidi na karatasi chache mbele yako. Kama iko chini ya hapo, au kama unataka kubaki kwenye hoteli na kampuni binafsi, anza CPA kutoka ngazi watakayokupa. Na katika hali zote mbili, omba kuhamia kwenye kusimamia gharama sasa hivi, kabla ya mtihani wowote. Hili la mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu halina ada.

Nenda kwa mkuu wako wa fedha na jambo dogo lililokamilika. Mwezi mmoja, bidhaa tano tu: samaki, pweza, mafuta ya kupikia, soda, sabuni za vyumbani. Kilichoingia, kilichotoka, kilichouzwa, kilichobaki, na tofauti. Usimtaje mtu yeyote kuwa mwizi. Andika tarakimu na uandike umezipata vipi. Ukikuta hasara ya shilingi laki tatu kwa mwezi, hiyo ni milioni 3.6 kwa mwaka, zaidi ya akiba yako yote. Weka karatasi hiyo mezani na barua ya kuomba mambo mawili: uhamishiwe usimamizi wa gharama, na hoteli ikulipie ada ya mitihani. Watakuomba pengine usaini mkataba wa kubaki nao muda fulani. Usaini kama muda ni wa mwaka mmoja au miwili, na uhakikishe imeandikwa ni pesa kiasi gani utarudisha ukiondoka mapema, na kwamba deni linapungua kwa kadiri unavyokaa. Ikiandikwa kwamba utarudisha yote hata ukibakisha mwezi mmoja, omba ibadilishwe.

Akiba yako ya milioni tatu usiitoe yote. Tenga ya usajili, karatasi mbili za kikao cha kwanza na vitabu, iliyobaki iwe ya homa ya mtoto na bati lililovuja. Mwaka 2020 hoteli zilipofunga milango, waliokuwa wamemaliza akiba zao kwenye ada walikaa bila mshahara na bila mtihani. Karatasi mbili tu kwa kikao. Ukifaulu zote mbili, utajua mwendo wako; ukianguka moja, hujaanguka na nyumba.

Na wakati. Mimi nilisoma baada ya sala ya alfajiri, kwa sababu usiku mwili wa mama haukumbuki kitu. Saa moja na nusu, siku tano, ni saa saba na nusu. Jumamosi ukipata saa tatu na nusu, mume akiwachukua watoto, zimefika saa 11 kwa wiki. Wiki 16 ni saa 176, yaani saa 88 kwa kila karatasi. Zinatosha kama zote ni za kalamu mkononi, unafanya maswali ya mitihani iliyopita, si kusoma kitabu umelala. Kwa mtu wa hoteli, kikao cha Mei kina baraka zake: ni masika, wageni wamepungua, ruhusa inapatikana. Lakini kwa miaka hii Ramadhani inaangukia katikati ya matayarisho, na mwanamke wa Kizanzibari katika Ramadhani anajua mchana wake unaishia jikoni. Basi anza mapema, Disemba, uwe umemaliza kusoma mada mpya kabla ya mwezi kuandama, na ndani ya Ramadhani ufanye marudio mepesi tu. Zungumza na mume wako kabla hujalipa. Umeniandikia kwamba yeye ndiye anayekwambia ukasome, kwa hiyo muombe Jumamosi asubuhi. Usimuombe idhini, hiyo ameshakupa, muombe saa.

Kitu cha kuanza nacho wiki hii ni vyeti. NBAA, TCU, SUZA, wote watataka cheti cha kidato cha nne, stashahada na orodha ya alama zake. Nimeshuhudia watu wakikosa kikao kizima kwa cheti kilicho ndani ya sanduku Pemba. Kama chako kiko Wete kwa mama, mwambie asikitie kwenye mkoba wa mtu. Mmoja wenu apande boti akafuate. Likague jina lako herufi kwa herufi, kama la cheti cha kidato cha nne linafanana na la stashahada na la kitambulisho cha Mzanzibari. Likitofautiana, anzia hapo, kwa kiapo cha jina mahakamani. Kisha nitumie GPA yako, tuendelee.